Baridi ya Bugendana na Jua la Butihinda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofungua mlango wa nyumba ya shangazi yangu kule Bugendana nikakuta dunia haipo.

Kilima cha mbele hakikuonekana. Migomba niliyoipita jana yake jioni, mzigo kichwani, haikuonekana. Hata zizi la mbuzi lililokuwa karibu kabisa na mlango lilikuwa limemezwa. Kila mahali palikuwa peupe, na weupe ule ulikuwa unatembea, unapanda polepole kutoka bondeni kuja kwetu. Sasa elewa nilikotoka mimi. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, upande wa Tabora, nchi tambarare yenye joto, na kule kitu cheupe kinachotembea juu ya ardhi ni kimoja tu: moshi wa nyika inayoungua. Basi nikafanya kile alichofundishwa kila mtoto wa kule. Nilipiga kelele.

"Moto! Moto! Amkeni, moto!"

Kisha nikakumbuka kwamba hapa watu wanasema Kirundi, nikabadilisha: "Umuriro! Umuriro!"

Kutoka ndani ya ule weupe nikaanza kusikia miguu inakimbia, majembe yanagongana, sauti za watu nisiowaona zikiulizana moto uko wapi. Kijana mmoja alitokeza ghafla mbele yangu na ndoo ya maji. Akaniuliza, "Wapi?" Nikanyoosha mkono kuonyesha bonde zima. Akageuka kutazama, akateleza kwenye matope, na ndoo yote ikanimwagikia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Maji ya Bugendana, mwanangu, asubuhi ya mwezi wa kumi! Nilikosa pumzi.

Halafu kicheko kikaanzia mlangoni, kwa shangazi yangu Pelajia, ambaye alikuwa ameshika magoti yake na machozi yanamtoka. Kikaenda kwa majirani, kikashuka bondeni kwa watu ambao hata hawakujua wanachekea nini. Baba yangu alitoka nje akiwa na blanketi mabegani. Aliponiona nimeloa, akautazama ule weupe, akafungua mikono yote miwili kama mtu anayempokea ndugu yake.

"Venansia," akasema, "huo si moshi! Huo ndio ule ukungu niliokuwa nikiwasimulia!"

Na yeye alikuwa analia. Lakini hakuwa analia kwa kucheka.

Nikueleze kidogo, ili usipotee. Baba yangu, Balitazari, aliondoka Bugendana, mkoa wa Gitega, akiwa kijana, wakati wa mabaya ambayo leo sitaki kuyasimulia. Alikutana na mama yangu huko ukimbizini. Mama yangu, Godeliva, alikuwa mtoto wa Butihinda, upande wa Muyinga, jirani kabisa na mpaka. Huko Tabora tulizaliwa sisi, huko tulisoma, huko tulilima tumbaku na mahindi. Na miaka ile yote, kila jua lilipotuchoma shambani, baba alikuwa akituambia habari za nchi yake: ukungu wa asubuhi, mvua inayonyesha mchana kutwa bila haraka, maji ya chemchemi yanayouma meno. Sisi watoto tulikuwa tunamsikiliza midomo wazi. Mama alikuwa anasikiliza pia, huku anapepeta mahindi.

Amani iliporudi, tukarudi. Tuliingia kwa mpaka wa Kobero katikati ya malori na wabeba mizigo, mama akapiga magoti palepale barabarani, dereva mmoja akapiga honi na kumkemea, naye mama hakujali hata kidogo. Tukapokelewa Butihinda kwa wajomba zangu. Huko hapakunisumbua hata siku moja. Palikuwa na jua, palikuwa na vumbi jekundu, na majirani wengi walikuwa wametoka Tanzania kama sisi. Nilijisikia niko nyumbani.

Mvua za kwanza zilipokaribia, baba akasema anakwenda kuona kilima chake. Mimi, kama binti mkubwa, nikafuatana naye. Mama alibaki na kaka yangu Elia na wadogo zangu. Makubaliano yalikuwa kwamba sisi tutatangulia, tutalima, na tukishavuna maharage ya kwanza mama naye atakuja, tuwe pamoja. Shangazi Pelajia, dada yake baba, ambaye hakuwahi kutoka kwenye kilima kile, alikuwa amelilima shamba la baba miaka yote. Alimkabidhi siku ileile ya kwanza. Akampa na nyumba ya mwanawe aliyehamia Bujumbura. Baba hakuombwa malipo, wala yeye hakulazimika kuomba. Kwa wengine waliorudi haikuwa rahisi hivyo, kwa hiyo tulishukuru sana.

Lakini mimi, mwanangu, niliona taabu. Baridi ile iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nguo nikifua leo, keshokutwa bado zimelowa. Jua likitokeza lilikuwa kama mgeni aliyekuja kusalimia tu. Kilimani wakawa wananiita Muriro, yaani Moto, kwa ajili ya ile asubuhi, na nilikuwa nikiwajibu kwamba heri moto wenyewe ungekuja. Kila mtu aliyepita kwenda Muyinga nilimpa maneno ya kumpelekea mama: mwambie huku hakuna jua, mwambie huku tunalala tumevaa kila kitu tulicho nacho, mwambie vidole vyangu havikunjuki. Niliyasema kwa mzaha, na mengine kwa kuongeza chumvi kidogo, maana umbali unafanya mtu atake kuhurumiwa.

Hata sokoni Gitega nilikwenda na malalamiko yangu. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, anaitwa Mama Furaha, aliyetandika sweta za mitumba karibu na mlango wa soko. Nilipomwambia nataka nzito kuliko zote, alinitazama akacheka.

"We umetoka Tanzania, inasikilika mu kinywa," akasema. "Mi pia hii baridi siiwezi, dada. Kwetu Uvira jua iko, ziwa iko, mutu analala inje bila bulangeti."

"Sasa unakaaje huku?"

"Bon, kama baridi haiko, hizi tiriko zangu nani atavaa? Iko inanikamata usiku, lakini asubuhi iko inanilisha. Njo maana mi siitukane."

Nilicheka naye, nikavaa sweta yangu palepale, nikaondoka. Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya biashara.

Basi mama akaja. Alikuja mwezi wa nne, wakati mvua kubwa imeshika kweli, na wadogo zangu nyuma yake wamejifunika mifuko ya nailoni. Baba alikwenda kumpokea barabarani na mwavuli wa kuazima. Alikuwa amefagia uwanja mara mbili, kwa mvua ile! Alitaka amwonyeshe kila kitu: chemchemi, shamba, mahali alipozaliwa. Mama alijikunyata karibu na moto jikoni, na kila mara upepo ulipoingia alikuwa anageuka kunitazama mimi, kama kuniambia: kweli, ulisema kweli.

Hakumaliza juma. Siku moja asubuhi alifunga mizigo yake, akamwambia baba kwa sauti ya upole sana, "Balitazari, nimehama vya kutosha katika maisha yangu. Hapa siwezi. Ukitaka kuniona, unajua nilipo."

Akashuka kilima na wadogo zangu, akarudi Butihinda.

Mwanangu, tulikuwa tumepita katika mambo ambayo yaliwatenganisha watu wengi. Sisi hayakututenganisha. Halafu tumefika nyumbani, kuna amani, kuna shamba, na ni mvua ndiyo inayotaka kutugawa! Baba aliacha kusimulia. Alikuwa anaamka, anakunywa uji wake, anakwenda shambani, anarudi. Ukungu ulikuja na kuondoka na yeye hakuutazama.

Hapo ndipo Shangazi Pelajia aliponiita. Alikuwa amekaa jikoni anachambua maharage ya mbegu, na bila kuinua kichwa akanionyesha kigoda.

"Kaa. Nisaidie."

Nikakaa, nikaanza kuchambua.

"Mama yako hakukimbia baridi," akasema. "Alikimbia maneno yako. Alifika hapa tayari anatetemeka."

"Shangazi, nilikuwa natania tu."

"Najua. Una ulimi mzuri, unachekesha. Mimi mwenyewe unanichekesha. Lakini sikiliza. Baba yako alibeba nchi hii mdomoni miaka yote aliyokuwa ugenini. Sasa amefika, na kila asubuhi wewe unaitukana mbele yake, yeye anakunywa uji. Unadhani ukungu unakusikia? Ukungu hausikii. Anayesikia ni baba yako."

Nilitazama maharage kwenye ungo, na yote yakawa kama yana rangi moja.

"Sikwambii upende baridi," akaendelea. "Hata mimi magoti yananiuma nayo. Nakuomba kitu kidogo. Kuanzia leo mpaka tuvune, usiisemee neno. Baya usiseme, zuri usiseme. Angalia tu watu wanafanya nini nayo. Halafu uniambie."

Nikamkubalia, ingawa nilidhani nitapasuka.

Na kweli siku za mwanzo nilikaribia kupasuka! Unajua namna mtu alivyozoea kufungua siku yake kwa kulalamika: ukimnyang'anya hilo, hajui aanzie wapi salamu. Lakini mdomo ukinyamaza macho yanafanya kazi. Niliona kwamba mvua ikianza mchana, watu hawakimbilii kila mtu kwake. Wanaingia nyumba iliyo karibu, yoyote, na mwenye nyumba hashangai, anasogeza kigoda. Ndani ya nyumba ya mvua ndimo nilimojua habari za kilima kizima, nani anamchumbia nani, nani ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Ndimo nilimojifunza Kirundi cha kweli, maana changu kilikuwa cha kambini, wakubwa walikuwa wakikicheka. Kule Tabora mvua ilipokuja tulikuwa tunakimbia kwenda kulima kwa haraka kabla haijakatika. Huku mvua ilikuwa inawapa watu ruhusa ya kukaa.

Niliona uyoga unachomoza nyuma ya migomba, na wanawake wakiufuata kwa kuimba. Niliona mahindi mabichi yanachomwa, watu wanapokezana hindi moja, mikono inapata joto kabla ya tumbo. Niliona bonde, ukungu ukishainuka, lilivyo kijani kiasi kwamba macho yangu ya Tabora yalikuwa yanauma. Na niliona kwamba yule kijana wa ndoo, jina lake Lazaro, kila mvua ilipomkuta njiani, nyumba iliyokuwa karibu naye ilikuwa yetu, hata kama alikuwa anatoka upande wa pili wa kilima.

Shangazi aliniuliza, "Sasa?"

"Bado naisikia baridi, shangazi."

"Na mimi naisikia. Lakini?"

"Lakini sijisikii peke yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Siku ile alinipikia viazi vitamu na maharage yenye mawese mengi, kama mtu anayesherehekea.

Tukavuna, mvua zikakatika, kiangazi kirefu kikaingia, kile ambacho Warundi wanakiita ici. Ikaja habari kutoka Butihinda: kaka yangu Elia anaoa, wote twende. Baba alikaa na habari ile siku nzima kabla ya kusema ndiyo. Shangazi Pelajia yeye alisema ndiyo palepale. Hakuwa amewahi kuona upande wa Muyinga maishani mwake. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu, alisema, safari ina baridi.

Tulipanda gari mpaka Muyinga. Hapo alivua sweta ya kwanza. Kutoka pale tukachukua njia ya vumbi kwenda Butihinda, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Alivua ya pili, akaiweka kichwani kama paa. Jua lilikuwa limekaa katikati ya mbingu na halikuwa na haraka ya kwenda popote. Nyasi zilikuwa zimekauka, majani ya migomba yamejikunja, na kila pikipiki iliyopita ilituachia vumbi la kutosha kujenga nyumba. Mimi nilikuwa natembea kama mtu aliyerudishiwa mwili wake. Shangazi alikuwa anapumua kwa mdomo.

Tukafika uwanjani kwa mama. Wajomba walikuwepo, majirani walikuwepo, vikapu vya mihogo na mitungi ya pombe ya ndizi vimepangwa kivulini. Mama akatoka kutupokea na kitambaa kipya kichwani. Shangazi Pelajia akasimama mbele yake, uso mwekundu kwa vumbi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani:

"Godeliva wee! Hapa mnaishi au mnakaangwa?"

Wageni wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu. Mama hakucheka. Niliuona uso wake unafunga, kama dirisha linavyofungwa. Nikasema, basi, imekwisha; tulikuja kuunganisha, tumevunja.

Shangazi akauona uso ule pia. Akanitazama mimi. Akaweka kiganja mdomoni. Halafu akaanza kucheka, lakini akijicheka mwenyewe, mpaka ikabidi akae chini pale pale kwenye vumbi.

"Venansia, umenisikia?" akasema. "Umenisikia mimi, mimi niliyekufunga mdomo miezi yote ile! Sijafika hata kwenye kivuli, tayari nimelitukana jua la watu!" Kisha akamwinulia mama mikono, kama mtoto anayeomba kubebwa. "Wifi yangu, nisamehe. Mdomo wangu umefika kabla yangu. Mimi jua hili silijui. Nifundishe."

Hakuna aliyewahi kumwomba mama yangu amfundishe jua. Alisimama. Akamtazama yule mwanamke mzee aliyekaa kwenye vumbi, mkubwa wake kwa umri na kwa heshima, anayengoja jibu. Halafu akamshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Somo la kwanza," mama akasema, "hiyo sweta toa kichwani."

Hapo ndipo watu walipocheka kicheko cha kweli, mwanangu. Arusi ilianzia pale, juma zima kabla ya arusi.

Na mama alimfundisha. Alimwamsha mapema sana, wakati anga ina rangi ya majivu na hewa ni laini, wakaenda pamoja kufanya kazi zote za siku. Jua lilipopanda akamlaza kivulini, akamkataza kufanya lolote, na shangazi, ambaye sijawahi kumwona amekaa bila kazi, alilala mchana kama mtoto mchanga. Alimwonyesha mihogo ilivyoanikwa juu ya miamba, myeupe, inakauka kwa siku chache bila kuoza hata kipande kimoja. Shangazi alichukua kimoja, akakivunja, kikalia. "Kwetu hiki kingeota ndevu," akasema. Jioni mama alimtolea mkeka nje, na majirani wakaja na mikeka yao, watu wakapiga hadithi uwanjani mpaka nyota zikajaa, hakuna aliyesema tuingie ndani.

Jumapili tulikwenda kanisani. Wakati wa kupiga magoti, Shangazi Pelajia alipiga magoti, na wakati wa kusimama akasimama, bila kushika benchi. Akageuka kunitazama macho makubwa. Akapiga tena magoti, wakati hakuna aliyeambiwa apige, akasimama tena. "Yanakunjuka!" akaninong'oneza, kwa mnong'ono ambao padri aliusikia. "Venansia, magoti yangu yanakunjuka!"

Siku ya arusi alicheza. Alicheza kuliko bibi arusi.

Baba alikuwa amekaa pembeni siku zote hizo, mgeni katika uwanja wa mke wake. Jioni ya baada ya arusi, watu wamepungua, tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, mama, shangazi, mimi na yeye. Akasema bila kumtazama mama:

"Godeliva, sikukuita Bugendana nikutese. Nilitaka uone nilichokuwa nakisimulia."

"Najua," mama akasema. "Umekisimulia miaka yote. Nilikijua kabla sijafika, hata ile chemchemi ningeifikia gizani. Lakini, Balitazari, na mimi nilikuwa na nchi yangu moyoni kule Tabora. Ilikuwa na jua. Hukuniuliza hata siku moja."

Nafikiri baba hakuwahi kulifikiria. Wala mimi sikuwahi. Tulimwona kila siku anapepeta mahindi na kusikiliza, tukadhani hana lake la kusema.

Shangazi akamgusa kaka yake goti. "Basi muulize leo."

Baba akageuka, akakaa vizuri, akamtazama. "Nisimulie," akasema.

Mama akasimulia. Alianza kwa aibu, baadaye maneno yakatiririka. Alisimulia kiangazi cha utoto wake papo hapo Butihinda: mama yake anatandika mtama uwanjani, watoto wanapewa kazi ya kufukuza ndege na wanaishia kucheza, harufu ya ardhi iliyokauka, siku ambazo watu walitembeleana kwa sababu mazao yako ndani na njia ni kavu, namna alivyokuwa akilala chali kwenye jiwe lenye joto la jua baada ya jua kwenda, mpaka baba yake amwite. Alisema kule Tabora alikuwa akigusa mawe jioni ili akumbuke. Baba alisikiliza midomo wazi, kama tulivyokuwa tukimsikiliza yeye.

Alipomaliza, mama alicheka kidogo, akajifuta macho na ncha ya kitenge.

"Mvua zikianza nitakuja kwako," akasema. "Pelajia amekubali kujifunza jua langu, na mimi nitajifunza baridi yake. Lakini kiangazi, tutakuwa hapa."

"Mimi na wewe?"

"Wote. Na huyu mwenye magoti pia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kumi mama alipanda Bugendana na blanketi mbili na moyo mweupe. Shangazi alimpokea mlangoni, akamketisha jikoni mahali pazuri kuliko pote, na kumfundisha kama alivyofundishwa: lini kuanika, lini kuacha, nyumba ya nani ina stori nzuri mvua ikinyesha. Mama hakuacha kuisikia baridi, na hakudanganya kwamba ameacha. Lakini aligundua utamu wa kulala mvua ikipiga mabati, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwamsha. Kiangazi kikifika, wote watatu walishuka Butihinda, wazee wale, wakibishana gari zima nani amesahau nini. Waliishi hivyo miaka mingi, nchi mbili ndani ya nchi moja. Mimi niliolewa na Lazaro, nikabaki kilimani, na watoto niliowazaa wanapenda ukungu kwa sababu hawajui kwamba kuna watu wasioupenda.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, pamoja na wenzako hapa, maana najua mnajiandaa kuondoka. Mmoja wenu anakwenda Bujumbura, ambako joto linamkalia mtu begani. Mwingine ameposwa Mugamba, ambako asubuhi maji yanauma kuliko nyuki. Mwingine bado anawaza Tanzania. Popote utakapofika, mbingu ya pale itakuwa mpya kwako, na mwili wako utalalamika. Uache ulalamike, mwili hauna adabu. Ila mdomo uufunge kwanza. Ukisema mvua ya watu ni mbaya au jua la watu ni baya, unakuwa umewagusa wao: utoto wao, chakula chao, mahali walipozika wazazi wao. Hali ya hewa haiudhiki. Watu wanaudhika. Angalia kwanza wanafanya nini mvua ikinyesha na wanakaa wapi jua likiwaka, kisha kaa nao hapo. Ukishindwa, waombe wakufundishe, hata kama wewe ndiye mkubwa, hata kama una mvi. Na yule unayeishi naye, usimsimulie tu nchi yako. Muulize na yake. Muulize mapema, usingoje mpaka afunge mizigo.

Hayo ndiyo niliyopewa, na mimi nimekupa.

Nenda na amani ya Mungu. Mvua ikukute umeshapanda. Jua likukute una cha kuanika. Na baridi, siku itakapokuja, ikukute uko nyumba yenye watu, na mmoja wao awe anakusogezea kigoda.